Mbunifu anataka "mekapu ya kikabila" kwa modo wanne. Ya kabila gani sasa?

BintiTandika ameandika:

Habari za jioni wadau. Mimi ni mpambaji, nipo Dar, na kazi yangu kubwa ni maharusi na sendofu. Niletee bibi harusi saa kumi na mbili asubuhi, macho yamevimba kwa kulia na dada zake wanagombana nyuma yake, saa mbili nakutolea mtu anang'aa. Hilo nalimudu.

Sasa nimepata kazi ambayo si ya harusi. Kuna mbunifu wa mavazi, sitamtaja, anatoa nguo mpya za pamba nzito zenye rangi za udongo na majani makavu. Anataka picha za modo wanne, wasichana watatu na kijana mmoja, Jumamosi ya wiki ijayo kwenye machimbo ya zamani ya mawe kule Kunduchi. Analipa laki tatu, vifaa juu yangu. Kwangu ni pesa, na zaidi ya pesa ni mlango, maana nimechoka kupaka kope za dhahabu.

Tatizo ni maelekezo. Amenitumia picha kumi na moja za kuokota mtandaoni, zote zina maandishi yale yale ya "kikabila, Afrika". Nimekaa nazo usiku mzima nazitafuta moja moja. Mwanamke aliyejipaka wekundu mwili mzima hadi kwenye nywele ni Mhimba wa Namibia. Wanaume wa nyuso za njano, midomo myeusi na mstari mweupe puani ni Wawodaabe wa Niger, na kumbe pale wanaume ndio wanaojipamba ili wanawake wachague. Watoto wenye nukta nyeupe na majani kichwani ni wa bonde la mto Omo, Ethiopia. Halafu kuna wale vijana wa nguo nyeusi na uso mweupe. Hao hata sikuwatafuta, nimeshawaona kwa macho yangu kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro.

Yeye anataka vyote viingie kwenye sura moja: wekundu wa huyu, nukta za wale, mstari wa pua wa hawa, na "chale za kuinuka mashavuni". Nilipomuuliza lengo ni kabila gani, akanijibu kwa sauti: "Ya Kiafrika tu dada, usiifanye ngumu."

Nimejaribu nyumbani kwa mdogo wangu wa kiume, poda ya mtoto na maji. Baada ya dakika kumi uso umepasuka kama tope la bwawa. Jirani akachungulia akauliza kama mtoto ana tetekuwanga.

Naomba mnisaidie: weupe usiopasuka, wekundu usioharibu nguo za watu, na namna ya kutengeneza chale zilizoinuka bila kumchanja mtu. Na moyoni kuna kitu kinanikataza kuchanganya zile picha, ila sina maneno ya kumwambia mteja.

FundiBuza amejibu:

Dada unajipa presha bure. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, chukua chokaa na ile oksaidi nyekundu ya sakafu, koroga na mafuta ya kula, kazi imeisha. Modo mwenyewe wa Sinza, mbunifu wa Mikocheni, hao Wahimba watajulia wapi?

MamaBrashi amejibu:

Fundi Buza, ngozi ya mtu si sakafu. Naomba hiyo chokaa uiache kwenye ukuta ilikozoea.

Mdogo wangu, mimi nilipita Bagamoyo enzi bado kinaitwa Chuo cha Sanaa, kabla hakijawa TaSUBa. Nimepaka watu wa ngoma, wa maigizo, baadaye wa filamu. Kikundi kimoja nilichofanya nacho kazi tuliwahi kuwapaka wachezaji chokaa kwa sababu bajeti ya vipodozi ilikuwa imekwisha kwenye chakula. Chokaa ikikutana na jasho inaunguza kama magadi makali. Ngoma ilikuwa ya dakika arobaini, kwenye dakika ya ishirini dada mmoja akaanza kujikuna shingo, tukadhani ni mbwembwe. Nikikutana naye hadi leo anafunua kola ananionyesha. Kwa hiyo nikisikia chokaa huwa nanyanyuka kitini.

Weupe wako ni kaolini. Ni ule udongo mweupe ambao vilima vya Pugu vimejaa, lakini usichukue jembe ukaenda kuchimba. Nunua uliosafishwa kwa watu wanaotengeneza sabuni na maski za uso. Koroga na maji ya chupa hadi uwe mzito kama uji wa mtoto, halafu tia matone manne au matano ya glisarini. Glisarini ndiyo inayozuia kupasuka, maana inashika unyevu. Ukizidisha haukauki kabisa, modo anabaki anateleza. Na kuna jambo moja litakusumbua usipoambiwa: kaolini ikiwa mbichi haionekani vizuri, ni kijivu fulani cha maji ya kuoshea mchele. Mgeni wa kazi huona hafifu, anaongeza, anaongeza tena. Ikikauka inageuka nyeupe ghafla, nene kama plasta, na ndipo inapopasuka. Paka safu moja nyembamba, subiri dakika tano, ndipo uamue.

Wekundu nao. Ile oksaidi ya sakafu ni ndugu wa rangi tunayotumia kwenye vipodozi, zote ni kutu ya chuma, lakini ya sakafu hakuna aliyeisafisha akifikiria uso wako, inaweza kuwa na risasi na mengine ndani. Tafuta oksaidi ya vipodozi. Mafuta ya nazi peke yake yatakuaibisha: chini ya nyuzi 24 hivi yanaganda, kwa hiyo ukiwapaka kwenye chumba chenye kiyoyozi yanashika mabaka, ukiwatoa nje Kunduchi yanatiririka mpaka kwenye soksi. Yeyusha nta ya nyuki juu ya maji ya moto, kijiko kimoja cha nta kwa vinne vya mafuta, ndiyo utie rangi. Ikipoa inakuwa kama mafuta ya mgando na inakaa pale ulipoiweka. Mvalishe mtu nguo kwanza, mfunike kwa kanga, upake kuelekea ukingo wa nguo na kuacha nafasi ya vidole viwili. Bado utachafua kitu. Mwambie mbunifu leo, si siku hiyo.

Chale za kuinuka sitaki uzitengeneze kwa nta ya makovu ya sinema, kwenye joto la Dar inalainika. Tumia gundi nyeupe ya kope, ile ya mpira. Weka nukta kwa ncha ya kijiti cha meno, iache ikauke hadi iwe kama ukucha, ongeza ya pili, ongeza ya tatu. Kwa mistari, chukua uzi wa kufumia wa pamba, uchovye kwenye gundi, ukamue kwa vidole viwili, uulaze kwenye ngozi ukiwa bado unanata. Juu piga poda, kisha fondesheni ya rangi ya mtu mwenyewe, halafu pitisha kidole chenye rangi iliyo hatua moja juu kwenye mgongo tu wa alama. Lakini siku mbili kabla, kila modo umwekee tone la gundi na tone la kila rangi ndani ya kiwiko. Kuna watu wanavimba kwa mpira. Huyo ukimgundua Jumamosi saa moja asubuhi, kazi imekwisha.

Sasa lile lililonifanya niandike saa tano hii ya usiku. "Mekapu ya kikabila" ni sawa na kumwambia mpishi nipikie chakula cha kikabila. Atapika nini, mtori au ugali wa mtama na mlenda? Hebu lifikirie neno letu nembo. Leo nembo ni ile picha ya juu ya barua ya wizara au kwenye mlango wa benki. Wazee walipolitamka walimaanisha alama za usoni na mwilini zinazosema huyu ni wa wapi. Kuchanja vilevile: leo ni chanjo ya mtoto kliniki, zamani ulikuwa wembe na masizi. Mtu akiibandika nembo ya benki kwenye duka lake la vocha atatafutiwa wakili. Akichukua nembo ya bibi wa Newala akaibandika kwenye shavu la modo, tunamwita mbunifu.

Sisemi usifanye. Nasema chagua mahali pamoja, pajue, ukaulize, halafu chora cha kwako kinachotoka hapo. Picha moja yenye akili inazishinda hizo kumi na moja. Hebu niambie, wewe kwenu ni wapi?

OleLongido amejibu:

Dada, wale wa nguo nyeusi na uso mweupe uliowaona barabarani mimi nilikuwa mmoja wao. Ni vijana waliotoka kutahiriwa, tunawaita sipolio. Unavaa nyeusi, unapaka uso mweupe, unabeba upinde na mishale butu ya kupigia ndege, na ndege uliowapata unawavaa kichwani. Mimi nilikaa hivyo miezi kadhaa na nilikuwa nimekonda kweli. Wageni walisimamisha gari wakanipa shilingi elfu mbili wanipige picha, nikanunua soda mbili, ndiyo umodo wangu wote.

Kwa hiyo hiyo alama inasema jambo moja tu kuhusu mtu. Ukimpaka msichana, kijijini kwetu watu watacheka mpaka wakae chini. Halafu wazee wataacha kucheka.

Wekundu ni mwingine. Ule wa morani tunauita olkaria, udongo mwekundu na mafuta. Ninyi mnaijua Olkaria ya Naivasha kwa sababu ya umeme wa mvuke, jina lile ni la udongo huo huo. Wekundu hauna hati miliki, kila mahali pana udongo mwekundu. Alama ndizo zenye mwenyewe.

Na kama mbunifu wako ataleta shanga, aziulize zimetoka kwa nani. Mama zangu wanakaa chini ya mti siku tatu kushona ukosi mmoja na rangi zina mpangilio. Modo wa mwaka jana nilimwona kwenye picha amevaa ukosi wa bibi harusi kiunoni. Nilimwonyesha mama, akauliza kama huyo binti hana ndugu wa kumwambia.

BintiTandika ameandika:

Mama Brashi, hilo swali la kwenu wapi nililiogopa.

Baba ni Mzaramo, na huko ndiko huwa nasema natoka. Mama ni Mmakonde wa Newala. Bibi mzaa mama yupo Mbagala, na ana nembo mashavuni: mistari iliyopinda kama mabawa ya ndege warukao, moja chini ya nyingine, na paji la uso lina msumeno. Mdomo wa juu una tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha kuvaa mdomoni, na limejifunga likabaki kikovu. Nilipokuwa mdogo nililala naye kitanda kimoja na nilikuwa napitisha kidole kwenye ile mistari gizani mpaka nasinzia. Ukiigusa si kama kovu la jeraha, ni laini juu na ngumu kwa ndani, kama uzi umeshonewa chini ya ngozi.

Shuleni nikaacha. Walikuwa wanatuita majina, mnayajua. Siku bibi alipokuja kunichukua getini nilijificha chooni hadi akaondoka na mama wa rafiki yangu. Hilo sijawahi kumwambia mtu, nimewaambia ninyi mnaotumia majina ya bandia.

Yeye mwenyewe akipigwa picha anavuta kanga hadi kwenye pua. Ile ya kitambulisho walimlazimisha aishushe, akakasirika siku nzima.

Kesho naenda Mbagala. Sijui nitaanzaje. Na mbunifu leo kaongeza jipya: michoro ya mikononi nichore kwa piko ili isitoke na jasho.

UmiKibokoni amejibu:

Dadangu, piko wacha. Wacha kabisa.

Mimi nachora maharusi hapa Mombasa miaka kumi na minane, mama yangu alichora kabla yangu. Hina ya kweli haiwi nyeusi. Ukiibandua ni rangi ya chungwa, kesho yake imekoza, siku ya pili ndiyo inakuwa damu ya mzee, na hapo ndipo mwisho wake. Ukiona mchoro mweusi tititi ndani ya nusu saa, hiyo ni rangi ya nywele ya unga imekorogwa na maji. Ndani mna kemikali wanayoiita PPD. Ulaya wanairuhusu kwenye rangi ya nywele kwa kipimo, kuchorea ngozi hairuhusiwi. Huku kwetu kila mtu anayo kwenye kijikopo.

Niliwahi kuitwa kwa bibi harusi aliyechorwa piko na mtu mwingine. Siku ya tatu mkono wote ulifanya malengelenge, na malengelenge yenyewe yalifuata maua: jani kwa jani, kikonyo kwa kikonyo, ungedhani yamechorwa. Yalipopona alibaki na ua jeupe. Na mwili ukishaikataa hiyo kemikali hausahau, sasa hata nywele hawezi kutia rangi. Modo wako wanaishi kwa ngozi zao.

Weusi wako tumia wanja wa vipodozi usiotoka kwa maji, pigilia poda, rudia tena juu. Wanja wa manga wa kusaga nao usiuamini bila kujua ulikotoka, baadhi yake una risasi.

Halafu nikuongezee moja maana umesema Newala. Ng'ambo ya Ruvuma, Wamakua wa kisiwa cha Msumbiji wana mussiro: wanasugua kigogo juu ya jiwe na maji, wanajipaka uso mweupe mchana kutwa, wanaenda sokoni nao. Wangazija nao wana wao wa msandali. Sisi huku tuna liwa. Hizo ni urembo wa ngozi, mtu anapaka sebuleni huku anachambua mchele. Kama mbunifu anataka uso mweupe, basi kuna weupe wa pwani usiomdhalilisha yeyote. Na unanukia.

MamaBrashi amejibu:

Umi, Mungu akuweke.

Binti, ukienda Mbagala usianze na kalamu na karatasi. Anza na sukari.

Jambo moja la kazi kabla sijasahau. Kama kuna mtu Mwenge kwenye vinyago anayeweza kukuonyesha lipiko la zamani, ile barakoa ya Kimakonde ya kuvaliwa kichwani, itazame kwa ubavu. Mara nyingi nembo za usoni hazikuchongwa kwenye mti, zimebandikwa kwa nta ya nyuki. Maana yake ni kwamba wazee wako walishaifanya hii mekapu ya kuinuka kabla yangu na yako. Angalia unene wa ile mistari na inavyoachana.

Mwambie mpigapicha asikutane na uso kwa flashi ya mbele. Alama iliyoinuka inaonekana kwa kivuli chake, taa ikija usoni moja kwa moja imelala. Pigeni saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu asubuhi, jua likiwa la ubavuni, kisha mpumzike hadi saa kumi jioni. Na afunge mwenyewe vipimo vya rangi kwenye kamera. Ukiiachia kamera ijiamulie, ikiona wekundu mwingi inaupoza, udongo wako unatoka kama tope la Msimbazi.

BintiTandika ameandika:

Wadau, nimerudi. Jumamosi imepita. Nawaletea mrejesho, mwenye maswali aulize.

Mbagala kwanza. Nilienda na sukari kilo mbili na majani ya chai. Nilizunguka saa nzima, mwisho bibi akasema, "Umekuja kuniomba pesa au umepata mimba?" Nikamwonyesha zile picha kwenye simu, nikamweleza kazi. Alizitazama zote kumi na moja kimya. Kwa Wawodaabe alicheka, akasema wanaume wazuri lakini wamejaa meno. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Huyo msichana analipwa ngapi kubandika nembo zangu?" Nikamwambia laki moja na nusu. Akashika shavu. "Mimi nililia siku mbili, uso ukavimba nikalishwa uji kwa majani, na mama alimpa fundi kuku. Yeye anapewa laki na nusu na jioni anaosha?"

Akakataa za usoni. Akasema hizo waachiwe waliozilipia. Nilinyamaza, nikadhani ndio mwisho. Akanituma uvunguni nikavute mtungi aliokuja nao kutoka Newala, ule tunaowekea mchele siku hizi. Sikuwahi kuuangalia. Shingoni umezungukwa na michoro ya kuchimbwa, pembe tatu ndani ya pembe tatu, na kwenye mitaro kumebaki weupe wa udongo. "Chukua hii," akasema. "Mtungi hauna mdomo wa kulalamika."

Basi ndiyo niliyoipeleka Kunduchi. Nilimwandikia mbunifu kwamba nitatoka na kitu kimoja badala ya kumi na moja, nikamtumia picha ya mtungi na jaribio nililofanya begani mwangu. Hakujibu siku nzima, nikaanza kuhesabu laki tatu zangu zikiondoka. Usiku akaandika "sawa, ila niachie wekundu."

Modo mmoja alivimba kwa gundi kwenye jaribio, Mama Brashi ulijua. Yeye nilimchorea tu kwa kaolini, bila kuinua. Wengine watatu niliwalazia uzi kuanzia chini ya sikio, shingoni, kuzunguka bega, kama shingo ya mtungi. Nyuso nikaziacha na ngozi yao na liwa kidogo juu ya mashavu. Uzi mmoja unachukua dakika tatu, na mtu mmoja ana nyuzi ishirini na mbili. Nilianza saa nane usiku. Mkono wa kulia bado unatetemeka nikishika kikombe.

Wekundu wa nta ulikaa. Saa mbili kasoro, jua limekuja ubavuni, nikaona kwenye kioo cha kamera kila uzi umelaza kivuli chake. Mpigapicha akasema neno ambalo siwezi kuliandika humu.

Mabaya sasa. Kijana alikuwa anatoka jasho kama mpishi wa pilau, uzi wa karibu na kwapa ukabanduka, tukambadilisha mkao akawa amekunja mkono kila picha. Na vidole viwili vya nafasi havikutosha: gauni moja la rangi ya maziwa limepata wekundu kwenye mshipi wa bega. Mbunifu aligeuka rangi. Nilikuwa nimeshamwambia na ujumbe ninao, ila bado elfu thelathini imekatwa kwenye malipo. Nimekubali, sina nguvu ya kubishana.

Tumebishana kwenye maelezo ya picha badala yake. Alikuwa ameandika "malkia wa kikabila". Nikamwomba aandike kwamba michoro imetoka kwenye mtungi wa Kimakonde wa Newala, na jina la bibi kama bibi atakubali. Bibi amekataa jina, amekubali Newala. Imeandikwa hivyo.

Jumatatu nilimpelekea picha. Alivaa miwani, akaikuza kwa vidole viwili kama kijana, akapitisha ukucha juu ya bega la modo. "Huu wa tatu umepinda." Ni kweli, umepinda, niliuona baada ya kukauka. Hakusema kingine kuhusu kazi, ila hakuvuta kanga nilipompiga picha na simu mkononi.

Nilipofika nyumbani nikamtumia elfu hamsini kwenye simu, fungu la mtungi. Baada ya dakika mbili akapiga. Nikajua ananishukuru.

"Umesahau ya kutolea," akasema, akakata.